Barua ya wazi: Msimkabidhi mshika kibendera ushambuliaji wetu

Kwa Mwenyekiti na kamati ya timu yetu, kwa Maalim anayeifundisha, na kwa nyinyi mnaopanga waamuzi wa mechi zetu hapa Pemba.

Assalaam alaykum, wakubwa zangu.

Jina la timu silitaji. Mnajijua, na mtu yeyote anayekunywa kahawa Wete jioni anaijua bila ya kutajiwa. Majina ya waamuzi pia siyataji, maana ni watoto wa watu, tunasali nao na tunakutana nao sokoni. Ninayoyaandika si siri hata hivyo. Ni yale yale yanayosemwa barazani kila baada ya mechi, ila barazani mtu hupiga kelele akaenda zake kulala, na nyinyi hamuyasikii, au mnayasikia kwa wapambe wanaowachujia matamu tu.

Timu haifungi. Hilo halina mjadala. Dakika tisini zinakwisha kipa wa wageni hajachafua jezi, kisha Katibu wetu anasimama mbele ya simu za vijana na kutangaza kwamba tumeonewa. Mechi inayofuata, hivyo hivyo. Imefika mahali mpira haujaanza na mashabiki washajua nani atalaumiwa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na kamati yetu imeshakuwa mbaazi. Shida yangu ni kwamba msimu huu jua nalo, yaani waamuzi, lina kesi ya kujibu. Kwa hiyo barua hii ina anwani mbili, na namuomba kila mhusika asome na sehemu ya mwenzake, asirukie palipo na jina la jirani akacheka.

Langu ni moja. Timu yetu ina njia moja tu ya kutafuta bao: beki wa kati anabutua mbele, namba tisa, mshambuliaji wetu wa kati, anachomoka nyuma ya mabeki, waliobaki tunaomba dua. Njia hiyo hupita mkononi mwa mshika kibendera, mwamuzi msaidizi wa pembeni mwa uwanja, kabla haijafika kwa kipa. Na uamuzi wa kuotea, yaani mshambuliaji kutangulia golini mbele ya mpira na mabeki wakati pasi inapigwa, ni katika maamuzi magumu kabisa uwanjani. Mtu mmoja anatakiwa ajue kwa wakati mmoja lini mguu wa mpiga pasi umegusa mpira, na mshambuliaji alikuwa wapi sekunde ile ile, na watu hao wawili wako mbali mno kuingia katika jicho moja, na wote wanakimbia. Huyo ndiye tuliyemkabidhi mabao yetu ya msimu mzima. Timu nyingine humuhitaji mara mbili tatu katika mechi. Sisi tunamuhitaji kila tukivuka katikati. Akikosea kidogo tu, tumemaliza.

Nichukue mechi ya nyumbani iliyochezwa baada ya ile mvua kubwa. Kipindi cha pili, bila kwa bila. Kona yao imeokolewa, kiungo wetu akaukuta mpira nje kidogo ya kumi na nane, boksi letu la penalti, akaupeleka mbele kwa nguvu zote. Namba tisa wetu alikuwa amesimama upande wetu wa uwanja, mikono kiunoni, anavuta pumzi. Nasema upande wetu kwa sababu mimi nilikuwa usawa ule ule, chini ya mwembe, na ningeweza kumpa maji. Mpira ukapita juu ya kichwa chake, akageuka, akaukimbilia, yeye na kipa tu. Kitambaa cha mshika kibendera kikapanda. Refa akapuliza.

Kanuni ya 11 ya sheria za mpira, ile ya kuotea, haina utata hapo. Mchezaji aliye katika nusu yake ya uwanja wakati pasi inapigwa hawezi kuwa ameotea, hata akiwa peke yake duniani, na mstari wenyewe wa katikati hauhesabiwi kuwa wa upande wa wapinzani. Lile lilikuwa kosa, na kosa kubwa. Lakini mimi nilikuwa nikimtazama yule kijana mwenye kibendera, si mpira. Mkono wake ukiwa bado juu, aliinamisha macho kwenye majani akayatembeza kulia na kushoto, akitafuta mstari. Haukuwepo. Mvua ilikuwa imeuosha, na kilichosalia ni weupe kidogo kwenye vishungi vya nyasi karibu na duara.

Kuchora uwanja ni kazi ya mwenyeji. Mwenyeji ni sisi. Mlinzi wa uwanja ananiambia chokaa ilikuwapo stoo, mfuko haujafunguliwa, kwa sababu aliyepewa fedha ya kumlipa mchoraji alikuwa na safari. Mwenyekiti, Katibu wako alipokuwa akilia na simu za vijana jioni ile, mfuko ule ulikuwa nyuma ya mgongo wake, mlango wa pili.

Simtoi lawamani kijana, wala refa wake. Waamuzi hufika mapema kukagua uwanja, na uwanja usio na mstari wa katikati refa ana haki ya kusema hauchezwi mpaka uchorwe. Wakanyamaza. Labda walioneana haya na viongozi, labda waliogopa jua lisije likazama, labda wote walitaka wamalize waende nyumbani. Ndivyo bao lilivyopotea: uzembe wetu wa asubuhi, ukimya wao wa mchana, kitambaa cha jioni. Katibu alikiona kitambaa tu.

Na kuna siku mshika kibendera yuko sahihi na jukwaa ndilo halijui sheria. Mnaikumbuka ile kona iliyorudi. Kipa wao alitoka kuupangua mpira akaanguka mbele kabisa, karibu na nukta ya penalti, winga wetu akaurudisha langoni, namba tisa akausukuma wavuni huku beki wao mmoja akiwa amesimama juu ya mstari wa goli. Kitambaa juu. Uwanja mzima ukalipuka: “Beki yupo pale! Beki yupo pale!” Yupo, ndiyo, lakini ni mmoja. Sheria haimtazami beki wa mwisho, inamtazama mpinzani wa pili kutoka mwisho. Siku zote kipa ndiye wa mwisho, ndiyo maana watu wamezoea kuhesabu beki mmoja. Kipa akishatoka, hesabu inabadilika, na siku ile kati ya namba tisa wetu na goli kulikuwa na mtu mmoja tu. Uamuzi ule hata refa wa Kombe la Dunia angeutoa vile vile. Yule kijana aliondoka uwanjani ameziba kisogo kwa begi la viatu, mawe madogo yakimfuata mpaka kwenye gari. Kipaza sauti kilikuwa mezani mbele ya viongozi wetu. Maneno mawili yangetosha kuwatuliza watu. Hakuna aliyekigusa.

Maalim, sasa nakujia wewe, na nakujia kwa adabu, kwa sababu najua mshahara wako unavyochelewa na najua uwanja unaofundishia asubuhi ng'ombe huwa washatangulia.

Uliwahi kuhesabu mara ngapi mpira wetu wa kurusha karibu na lango lao unarudishwa nyuma kwa beki? Mimi huona karibu kila mara. Na mpira wa kurusha hauna kuotea! Ukirushwa, namba tisa anaruhusiwa kusimama popote, hata amkumbatie kipa, kitambaa hakina la kusema. Kona vile vile. Mpira wa kuanzia golini vile vile. Timu inayolia kuonewa na vibendera ingetakiwa iwe mabingwa wa mipira ya kurusha wa kisiwa kizima. Vijana wa Kipemba wenye mabega ya kukwea mikarafuu tunao, mtu anarusha mpira ukafika penalti. Lakini hakuna aliyepangiwa asimame wapi, nani auguse kwa kichwa, nani asubiri unaodondoka. Anarusha kwa aliye karibu, aliye karibu anarudisha, beki anabutua. Tumerudi kwa mshika kibendera.

Njia ya pili iko wazi zaidi, na inanikera kuliko zote kwa kuwa mtu wa kuifanya tunaye. Winga wetu wa kulia ana mbio. Mechi nzima anampita beki wake, anakwenda mpaka karibu na kibendera cha kona, na hapo ndipo akili inapokwisha: anainua kichwa, anamimina jalo refu kwenye vichwa vya mabeki warefu. Laiti angeingia ndani hatua nne tano kwa mstari wa goli akaurudisha chini, nyuma, kwa anayekuja. Mshambuliaji aliye nyuma ya mpira hawezi kuotea, Maalim. Mpira wa kurudishwa kutoka mstari wa goli ni bao lisilohitaji ruhusa ya mtu. Nilimuuliza winga mwenyewe kwa nini haurudishi. Akanijibu, “Niurudishe kwa nani, kaka? Hakuna anayekuja.” Nikatazama mechi iliyofuata na ni kweli. Viungo wetu wawili wanasimama nyuma ya duara wakiogopa kaunta, shambulizi la kushtukiza. Yeye yuko kule, namba tisa yuko katikati ya mabeki watatu, na baina yao kuna uwanja mtupu wa kulisha mbuzi.

Namba tisa nisimuonee. Watu wanamzomea kwamba anapaisha, na kweli anapaisha. Lakini mtu anayepata nafasi moja tu ya kupiga langoni, akiwa ameshakimbizwa bure mchana kutwa, mguu humtetemeka. Mpeni nafasi tano akose tano, hapo nitamzomea mimi mwenyewe.

Wala msiniambie mpira wa visiwani ndivyo ulivyo. Mlandege wa Unguja waliifunga Simba 1–0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi 2024 pale Amaan, baada ya kulichukua kombe hilo hilo mwaka 2023. Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, walisawazisha mara mbili dhidi ya wenyeji Kenya katika fainali ya Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati ya 2017 kule Machakos, ikawa 2–2, wakalikosa kombe kwa penalti tu. Na la karibu kabisa, mwezi wa Januari 2025 pale Gombani, Chake Chake, mwendo wa gari mfupi kutoka hapa, Heroes waliwafunga Burkina Faso 2–1 na kubeba Kombe la Mapinduzi. Nusu ya vijana wetu walikuwa jukwaani siku ile. Walirudi Wete wamesimama juu ya gari wakiimba. Wiki hiyo hiyo mazoezini wakapangwa tena wabutue.

Kuhusu rufaa, nitasema kidogo, maana fedha ni zetu. Kila msimu kamati inapitisha bakuli ili tukate rufaa ya bao lililokataliwa. Kanuni ya 5 inasema uamuzi wa refa juu ya yaliyotokea mchezoni, pamoja na kama bao ni bao au si bao, ni wa mwisho. Rufaa ina mahali pake: mchezaji asiyesajiliwa, mwenye kadi zinazomzuia, mambo ya karatasi. Kuotea hakumo. Fedha ile ingelipa mchoraji wa uwanja msimu mzima na chenji ingerudi. Nani anawashauri?

Na nyinyi mnaopanga waamuzi.

Hapa kwetu hakuna VAR, ile video ya kumsaidia refa. Kuna jicho la mtu na kitambaa. Kwa hiyo kitu cha kwanza na cha mwisho ni mtu huyo asimame wapi. Anatakiwa aende sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho, au na mpira ukiwa umemtangulia kwenda golini. Nendeni mkasimame usawa wa kumi na nane katika mechi yoyote ya kwetu, mtazame. Kipindi cha kwanza wanajitahidi. Kipindi cha pili, wengine wanabaki nyuma hatua sita, saba, wanakata pembe kwa macho, na anayetazama kwa pembe anaweza kuona mshambuliaji katangulia hata kama hajatangulia. Si hila, ni pumzi. Na pumzi hupimwa. Mara ya mwisho mliwapima lini mbio hawa vijana wa huku kwetu, na posho yao ya mechi iliyopita wamepata? Nauliza yote mawili kwa pamoja kwa makusudi.

Halafu kuna sekunde nane. Tangu Julai 2025 sheria imebadilika: kipa akiushika mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona, na refa anatakiwa azihesabu sekunde tano za mwisho mkono ukiwa juu, vidole wazi, kila mtu aone. Zamani zilikuwa sekunde sita na mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, na marefa wengi waliiacha ikaota kutu. Sasa wametengenezewa adhabu nyepesi ili waitumie. Kwetu kipa wa wageni anadaka, analala juu ya mpira, anaamka, anajipangusa vumbi goti moja baada ya jingine, anaudundisha, anamuita beki wake wasemezane, ndipo anapiga. Sijauona mkono wa refa ukipanda. Timu isiyofunga kama yetu, kila kona ni riziki, na kona ukumbuke haina kuotea. Hizo mnatunyima kweli, na hapo sina cha kuwatetea.

La tatu ni ukimya wenu. Mwamuzi akivurunda anatoweka mechi kadhaa kisha anarudi, hatujui alifundishwa au alifichwa mpaka watu wasahau. Sitaki mumdhalilishe hadharani. Nataka ripoti ya kamishna wa mchezo inaposema kulikuwa na kosa, klabu zote mbili ziandikiwe mistari mitatu: kosa lilikuwa hili, sheria inasema hivi, mwamuzi ameelekezwa. Msiposema nyinyi, wanasema vijana wenye simu, na video zao huchukuliwa nyuma ya goli, mahali ambapo hata malaika hawezi kuona nani ameotea. Usiku mmoja video inazunguka makundi yote ya WhatsApp kutoka Konde mpaka Mkoani, asubuhi mtu hawezi kwenda kununua samaki.

Safari za Unguja naziacha, kila mtu anazijua. Timu inapanda boti inafika imelewa bahari, jioni inaingia uwanjani. Ila hata hilo nililitazama: tunacheza vile vile tukiwa nyumbani tumelala vitandani mwetu.

Mechi ijayo tuko nyumbani. Mwenyekiti, naomba mstari uchorwe asubuhi na si saa tisa, na kama mchoraji ana safari, nipigiwe simu mimi, nitakuja na ndugu zangu tuuchore bure. Katibu naomba anyamaze mpaka aisome Kanuni ya 11, ni kurasa chache. Maalim, kiungo mmoja tu, nakuomba mmoja, aruhusiwe kuingia kwenye boksi winga anapofika mstari wa goli. Na nyinyi wa waamuzi, mleteni yule yule kijana aliyerushiwa mawe, apangwe upande wa mwembe. Sisi wa upande ule tumekubaliana atakayemtupia kitu tunamtoa wenyewe, awe shabiki au mjumbe wa kamati. Nikimuona refa anahesabu vidole kwa kipa, wa wageni au wa kwetu, nitampigia makofi.

Tukifungwa siku hiyo bila ya kupiga mpira mmoja langoni, Katibu asije na simu.

Wassalaam,
Mwanachama aliyelipa ada yake,
Wete, Pemba.